Zabuni Iliyoachwa na Watani Wawili

Waambianao "tangulia" hupitwa na mpita njia. Niliwaambia hivyo mlipokuwa mkisukumiana kile kipande cha mwisho cha muhogo, chukua wewe, hapana chukua wewe, mpaka kuku akaruka akakibeba. Mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka kwenye muhogo, na aliyeyasema kwanza hakuwa na kicheko. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji mdogo wa Lihanga palikuwa na maseremala wawili ambao karakana zao zilitazamana, barabara ikipita katikati. Laurenti Mapunda alikuwa Mngoni, Danieli Kihwele alikuwa Mhehe, na Mngoni na Mhehe mnajua ni watani. Asubuhi yao haikuanza mpaka mmoja amemchokoza mwenzake. "Wewe Mhehe, hiyo meza umeitengeneza au umeiokota?" Na Kihwele hujibu kwamba afadhali meza ya kuokota kuliko kabati la Mngoni, linalofungwa kwa kamba. Wageni walidhani ni maadui. Wenyeji walikumbuka kwamba Mapunda alipoumia mkono kwa msumeno, Kihwele ndiye aliyemalizia kazi zake zote, na wateja wakamlipa Mapunda.

Enzi hizo kazi za halmashauri ziliombwa kwa bahasha. Sanduku la zabuni lilikaa kwenye baraza ya ofisi, na siku ya mwisho watani hao walikutana hapo, kila mmoja na bahasha yake. Ndipo walipoulizana hali. Mwenye shida kubwa zaidi mwaka huo aliambiwa, "Tangulia," akatumbukiza yake, na wa pili akarudi nyumbani na bahasha mfukoni. Sisemi ilikuwa halali. Serikali ilistahili kushindaniwa bei, nao waliinyima haki hiyo miaka mingi bila kujiona wakosaji. Machoni pao huo ulikuwa ujirani tu.

Kisha kanuni zikabadilika. Bahasha zikakoma, muuzaji na mnunuzi wakakutana ndani ya mfumo wa mtandaoni. Afisa ugavi wa wilaya, Bi Imelda Haule, aliwaita wauzaji wote ukumbini akawaeleza. Kazi ndogondogo sasa zimetengewa wauzaji wa wilaya yenyewe; wasipoomba hadi muda ukaisha, hutangazwa nchi nzima. Aliyeomba hajulikani mpaka zabuni zifunguliwe. Na wauzaji watakaogundulika wamepanga bei, au wamepangiana nani aombe, watafungiwa wasiombe tena kazi za serikali.

"Hata mimi ninayenunua siruhusiwi kuja kuwagongea mlango niwakumbushe," akasema Bi Imelda. "Tangazo likitoka, nami nasubiri kama ninyi."

Katika yote hayo, neno lililomkaa Mapunda ni kufungiwa. Tangu siku hiyo, tangazo liwepo lisiwepo, hakuvuka barabara. Alimpungia mtani wake mkono kwa mbali, basi. Hata utani aliuacha, maana watu wawili wanaogombea kazi moja wakionekana wanacheka, nani ataamini kwamba wanachekea meza? Kihwele naye akawa hivyohivyo. Barabara ile nyembamba ikawa mto.

Ukaja mwaka mbaya. Watu walianza kununua milango ya chuma na makabati ya dukani, na mashine ya randa ya Mapunda ikanyamaza. Alimwambia mkewe, Kanisia, kwamba isipopatikana kazi kubwa mwaka huo, atauza mashine, karakana ifungwe, wakaishi shambani. Haukupita muda likatoka tangazo la madawati ya shule mpya. Ilikuwa kazi ya kumwokoa kabisa.

Lakini kabla ya tangazo, Mapunda alikuwa ameona kwa macho yake mke wa Kihwele akipakiwa kwenye gari, amefunikwa blanketi, akipelekwa hospitali ya mkoa. Na sasa aliona mlango wa ng'ambo ukishinda umefungwa. Akakata shauri moyoni.

"Mwenzangu ana mgonjwa," akamwambia mkewe. "Madawati haya ni yake."

"Amekuambia anayataka?"

"Hatuambiani siku hizi. Imekatazwa."

"Basi omba na wewe, wachague wenyewe."

"Nikiomba nikapata mimi, Kanisia, nitamtazama na macho gani?"

Kanisia alitaka kusema zaidi, akamwona mumewe anaipangusa vumbi ile mashine kama mtu anayeaga. Akamletea kitambaa safi.

Siku ya kufunga maombi Mapunda alipita kwenye steshenari ya Agripina, binti aliyewajazia maombi mafundi wengi wa pale mjini.

"Fundi, muda bado upo," Agripina akamwambia. "Nyaraka zako zimekamilika, ni kutuma tu."

"Acha. Mwaka huu ni wa mtani wangu."

Agripina alikuwa na jambo la kumwambia kuhusu huyo mtani. Lakini siri ya mteja mmoja hakumpa mteja mwingine, na ule mkutano wa Bi Imelda yeye pia aliuhudhuria. "Fundi, kaa kidogo ufikirie," akasema hatimaye.

"Nimeshafikiria, mwanangu."

Akaenda zake, roho nyeupe. Inaniuma kusema, lakini mchana ule alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo mwaka mzima.

Furaha hiyo haikudumu. Madawati yalitangazwa upya, safari hii kwa nchi nzima, na sababu iliyoandikwa ni kwamba hakuna muuzaji wa wilaya aliyeomba. Mapunda aliposomewa habari hiyo alivuka barabara kwa hasira, bila kujali nani anatazama.

"We Mhehe, mbona hukuomba?"

Kihwele aliweka chini tupa yake. "Nilikuachia wewe. Randa yako siisikii tangu masika."

"Mimi nilikuachia wewe! Mkeo yuko hospitali."

"Mke wangu? Alirudi kabla hata tangazo halijatoka. Jembe tu ndilo daktari amemkataza, ndiyo maana mimi nashinda shambani."

Pazia la mlango wa nyuma likafunguka, mke wa Kihwele akatokea na ungo mkononi, amekonda lakini amesimama imara.

"Shemeji, karibu," akasema. "Umetupotea. Nilidhani tumekukosea."

 Mapunda alishika mlango wa karakana ile, akainamisha kichwa.

Wote wawili waliomba mara ya pili, kila mtu kwa bei yake. Ikashinda kampuni ya mbali, yenye viwanda, kwa bei ambayo wao isingewalipa hata mbao. Siku madawati yalipokuja, lori lilipunguza mwendo katikati ya karakana zao, dereva akatoa kichwa akauliza njia ya shule. Watani wakanyoosha mikono kwa pamoja, wakamwelekeza vizuri. Vumbi lilipotulia, Kihwele akasema, "Waambianao tangulia hupitwa na mpita njia." Mapunda alingoja utani ufuate, kama ilivyokuwa kawaida. Haukufuata.

Mashine ya randa iliuzwa, karakana ikafungwa, na Mapunda akahamia shambani, mbali na mtani wake. Watu wa Lihanga waliyashika maneno ya Kihwele, mwanzoni kwa kucheka. Yeye Mapunda akiyasikia alikuwa na neno lake moja. Alisema hakujuta kumwachia mwenzake, wala hakuilaumu kanuni, kwa kuwa kanuni ilikataza kupanga zabuni, haikukataza salamu. Kilichomchoma ni kwamba mke wa jirani yake alirudi kutoka hospitali, akakaa ng'ambo ya barabara akijiuguza, naye kwa woga wake hakuvuka hata kumpa pole. Angevuka kwa ajili ya mgonjwa tu, bila kutaja dawati hata moja, angeona kwa macho kwamba mama yule amepona, akarudi kwake akaomba kazi yake kwa moyo mweupe.

Basi wanangu, mpishe mwenzako, ni adabu njema, lakini kwanza mtazame usoni ujue kama anataka kupita. Waambianao "tangulia" hupitwa na mpita njia.