Kisamvu cha Bi Mwanamvua

Palikuwa na sultani, Sultani Badru wa Mkungumani, ambaye hakupenda kungoja. Mpishi wake alilijua hilo. Alipika kwa masufuria ya shaba, juu ya moto mkali, na chakula kilikuwa mezani kabla bwana hajamaliza kukiulizia. Kilikuwa na ladha ya sufuria.

Ijumaa moja, akitoka msikitini, Sultani alipita mtaa wa mafukara. Siku nyingine zote mtaa huo ulikula kilichopatikana. Ijumaa ulipika. Vyungu vya udongo vilibandikwa mafigani alfajiri, moto mdogo chini, makaa machache juu ya kifuniko, na havikuteguliwa mpaka alasiri. Sultani akasimama njiani. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Jioni ile akatoa amri.

"Ardhi ya nchi hii ni yangu. Udongo ni ardhi. Chungu ni udongo. Kwa hiyo kila chungu ni changu, pamoja na kilichomo ndani yake."

Kadhi aliulizwa kama hoja hiyo ina kasoro. Kadhi alikuwa na watoto wengi wa kulisha. Akasema haina.

Basi kila Ijumaa askari wakapita nyumba kwa nyumba, na vyungu vikaenda kasri. Jumamosi vilirudi vimelambwa. Mtaa ukatafuna muhogo mkavu, na watoto wakaambiwa kwamba harufu nayo ni chakula. Atakayedokoa kabla ya askari kufika, ilisema amri, atabomolewa nyumba.

Mtaani humo alikaa mjane mmoja msuka mikeka, Bi Mwanamvua. Hakuwa na mali ila chungu cha marehemu mama yake, na ulimi ambao majirani walisema ungefaa kunyolea. Ijumaa moja alipika kisamvu. Alikitwanga mpaka mchi ukawa kimya kinuni. Akakichemsha kwanza bila kifuniko, ukali utoke. Akatia kunde zilizolala majini, akatia tui jepesi, akafunika, akapalia makaa juu. Kisha akakaa kando akisuka ukili.

Baada ya swala ya Ijumaa akaja akida na askari wake.

"Hodi! Chungu cha Sultani!"

"Karibu, mwanangu. Chungu chenu hicho, kiko motoni."

"Tunakitegua."

"Kitegueni. Ila mkumbuke, kisamvu kibichi hukamata tumbo, na watakaokuwa wamekipeleka ni nyinyi."

Akida akalifikiria tumbo la Sultani. Kisha akaifikiria shingo yake mwenyewe.

"Kitaiva lini, bibi?"

"Chungu cha udongo hakitaki haraka. Rudini alasiri."

Wakaondoka. Kusema kweli, kilichobaki kilikuwa tui zito tu. Bi Mwanamvua akalimimina, akaliacha lichemke kidogo, akategua chungu. Kisha akaita mtaa mzima. Wakaja na visahani, na makawa, na aliyekosa alikuja na kiganja. Walikula kimya kama watu wa matanga.

Alasiri akida akarudi, akafunua chungu. Alikitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeomba macho yake yawe yamekosea. Akakibeba hivyo hivyo kitupu, akamchukua na Bi Mwanamvua, wakaenda kasri. Sultani alikuwa amekataa chakula cha mchana, hata vyungu vya majirani, ili aache nafasi ya kisamvu alichoahidiwa na akida.

"Kiko wapi chakula changu?"

"Kimo chunguni mwako, Maulana."

Sultani akakiinamisha chungu. "Hamna kitu humu!"

"Humo hamna."

"Nani amekula?"

"Mimi. Na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo. Vibogoyo tuliwapondea kunde."

"Unaijua adhabu yake?"

"Kubomolewa nyumba."

"Basi kesho nyumba zote za mtaa huo zitabomolewa!"

"Sawa, Maulana. Zimekandikwa kwa udongo, ni zako. Mtu hakatazwi kubomoa chake."

Sultani akamtazama kadhi. Kadhi akatazama dari.

"Basi nitawafunga nyote kwa wizi!"

"Kabla hujatufunga, naomba nimuulize kadhi neno moja la dini."

"Uliza."

"Shekhe, mwanadamu kaumbwa kwa kitu gani?"

"Kwa udongo, bibi," akasema kadhi. "Hilo halina mjadala." Alifurahi kuulizwa kitu chenye jibu.

"Na udongo wa nchi hii, Maulana, ni wa nani?"

"Wangu," akasema Sultani, kwa mazoea.

"Basi mimi ni chungu chako, na jirani zangu ni vyungu vyako. Wizi uko wapi? Nimekihamisha tu kisamvu. Kimetoka chungu chako kimoja, kimeingia vyungu vyako vingine. Haikupotea hata kunde."

Tumbo la Sultani likanguruma, na kila mtu akajifanya hakusikia. Sultani akasimama.

"Kama kimo katika vyungu vyangu, basi bado ni changu!"

"Ni chako."

"Na ninakitaka!"

"Utakipata, Maulana. Chote."

"Sasa hivi!"

Bi Mwanamvua akatengeneza ushungi wake.

"Hapo utuwie radhi, Maulana. Chungu cha udongo hakitaki haraka. Kesho asubuhi kitakuwa tayari, na mtaa mzima tutajipanga hapa mlangoni, kila mmoja akukabidhi chako."