Zimwi Lililojilaza Mtoni

Hadithi imefika, isogezeeni kigoda.

Zimwi lilijilaza mtoni, maji yakajaa nyuma yake, na kila nyumba kijijini ikapata taa. Kwa mwanga huo bintiye Bibi Nyamizi alijifungua salama.

Zimwi likadai mashamba ya bondeni, maji yakayameza. Likadai makaburi, maji yakayameza, na Nyamizi akamlilia mumewe mara ya pili. Mara ya tatu likanguruma, “Ubavu unaniuma. Nataka kugeuka. Hameni!”

Watu wakacheka. Nyamizi akambeba mjukuu, akamhimiza bintiye.

“Tangulia, mama. Namalizia kushona.”

Alipofika kilimani, ardhi ikatetemeka. Taa zikazimika nyumba kwa nyumba, kuanzia mtoni. Nyamizi akaita, akaita, akaita.

Hadithi yangu inakomea hapo alipokoma kuita.