Nani Amtoe Nje Mtoto wa Mwanakheri?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Leo nina kesi, na mahakimu ni nyinyi.

Kijiji cha Kwemhunga, huko milimani, kilikuwa na watu watatu wenye vipaji. Tausi alikuwa fundi cherehani asiyepoteza hata kipande cha kitambaa. Kibwana alikuwa na nguvu za watu watano. Bi Sikitu alijua kufua. Doa lililowashinda wenzake, kwake halikufua dafu.

Mwanakheri, mkwe wa Bi Sikitu, akajifungua mtoto wa kiume. Alitumia nepi za kutupa, kama wenzake wote. Sasa, kule hakuna anayethubutu kuchoma nepi ya mtoto, eti ngozi yake nayo itaungua. Basi akina mama wakazitupa katika mfereji unaoleta maji kijijini. Zikanywa maji, zikavimba, mfereji ukaziba. Kijiji kizima kikakosa maji. Na mtoto mwenyewe akatokwa na vipele mapajani, akalia mpaka sauti ikamkauka.

"Nimewanyima watu maji kwa uchafu wa mwanangu!" Mwanakheri alisema, akijichukia kwelikweli.

Tausi, shoga yake, akakata doti mbili za kanga alizokuwa hajazivaa hata siku moja, akashona nepi ishirini za kufua.

Kibwana, shemeji wa Mwanakheri, akaingia mferejini, akazoa uchafu kwa mikono huku watu wakimcheka na kuziba pua. Akaufukia mbali na maji. Siku ya tatu maji yakashuka tena kijijini.

Bi Sikitu, na goti lake bovu, akafua kila asubuhi. Maji machafu alimwaga chooni, nepi akazianika juani. Vipele vikakauka, mtoto akalala.

Ikafika arobaini. Kwao, anayemtoa mtoto nje mara ya kwanza huhesabiwa mzazi wake wa pili maisha yote. Ni mtu mmoja tu, na lazima iwe kabla ya adhuhuri.

"Shoga, nipe mimi," alisema Tausi. "Bila kanga zangu wangefua nini?"

"Wangefua kwa mate?" Kibwana akadakia. "Maji nimeyaleta mimi."

"Nepi ikae siku mbili bila kufuliwa, muone kama hamtarudi dukani mbio kununua za kutupa," alisema Bi Sikitu.

Mwanakheri akawaka. "Mama, nisamehe, lakini leo nasema! Mlimsaidia mtoto huyu au mlikuwa mnamnunua? Mwenzenu mmoja asingefanya kazi yake, kazi nyingine mbili zingefaa nini?"

"Basi chagua," walisema wote, mikono mbele. "Usiyemchagua hatakanyaga hapa tena."

Mwanakheri akampakata mtoto, akawatazama mmoja mmoja. Akimpa mmoja, anawapoteza wawili, na kesho nepi zikichakaa, mfereji ukiziba au mfuaji akikosekana, atakuwa anaelekea mferejini na nepi ya kutupa mkononi. Jua nalo lilikuwa karibu utosini.

Haya, mahakimu. Mtoto huyu hapa. Je, wewe ungemkabidhi nani?