Kwa Nini Mtoto Huitwa Mara Nyingi Kabla ya Kuitika

Zamani hizo, watoto walipokuwa hawajui kuitika, ndani ya kichwa cha binadamu mlikuwa na mji. Nyumba zake ndizo chembe za ubongo, hazihesabiki, na kila nyumba ilikuwa na mlango kwa kila jirani. Hakuna aliyepiga hodi. Habari moja ikiingia, mji mzima uliipata papo hapo na kuipigia kelele.

Bi Siwema alikaa jirani na sikio. Kazi yake ilikuwa kuipokea sauti ya mama wa mtoto Raya na kuifikisha kwa Mzee Foum, aliyekaa karibu na ulimi. Kila asubuhi mama aliita, "Raya, mwanangu!" Siwema akatoka mbio, lakini kabla hajafika, sauti ilikwisha kuchanganyika na mlio wa jogoo na harufu ya vitunguu. Mtoto akatazama dari tu. Mama akalia kwamba mwanawe hamjui, na kilio kile kilimkata Siwema maini.

"Jirani zangu," alisema, "tumeshikana mno, hata tunamnyima mtoto mama yake."

"Sasa wataka tununiane?" aliuliza Mzee Foum.

"La, mzee wangu. Tuachiane uwanja kidogo. Anayekuja apige hodi. Akipiga mara moja, nyamazeni. Akirudia na kurudia, mfungulieni. Asiyekuja tena, mlango wake uzibwe."

Wengi walinung'unika, msione ajabu. Nani apendaye kuziba mlango wa jirani? Wa kwanza kukubali alikuwa mlinzi wa harufu ya vitunguu, aliyekaa jirani na pua, naye na Siwema walikuwa chanda na pete. "Kwaheri, shoga," alisema. "Mfikishie mtoto mama yake." Siwema alimshika mikono. Akamshukuru kwa machozi.

Raya alipolala, milango mingi ikazibwa. Siwema akapiga hodi kwa Mzee Foum siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Siku ya saba alifunguliwa kabla hajamaliza kubisha. Raya akageuza shingo, akacheka, akasema, "Mama."

Na tangu siku hiyo mtoto huitwa mara nyingi kabla ya kuitika, naye hulala sana, maana akilala ndipo milango huzibwa. Ndiyo sababu pia hakuna mtu akumbukaye siku za uchanga wake. Habari zile zilikuwa na wenyewe, kama yule mlinzi wa vitunguu, nao walijifungia ili sisi tuwajue mama zetu. Majina yao hatuyajui. Tunawashukuru vivyo hivyo.