Venera Mvunja Mitungi, Mama wa Skaluna

Sogeeni, watu wa Skaluna, mlioketi juu ya mawe aliyoyachonga, mumsikie aliyewafanya muwe na kwenu.

Hizo zilikuwa zama za mababu wa mababu zetu, wakati kisiwa hiki cha Bahari ya Mediterania kilikuwa jabali tupu lililochomwa na jua, bila mzeituni wala mzabibu, ndipo watu wachache walipofika kwa mashua wakimkimbia Bwana wa Ngome, aliyewanyang'anya mashamba yao huko bara. Miongoni mwao alikuwemo Venera binti Rokko, Rokko mchonga mawe mwana wa Tano mchonga mawe; Venera ambaye mama yake alimzaa kando ya chimbo, na inasemwa kwamba mtoto yule hakulia hata kidogo mpaka nyundo za wachongaji ziliponyamaza. Alipokuwa msichana alijitwika jiwe la kizingiti ambalo wanaume walikuwa wakilizunguka tangu asubuhi wakikuna vichwa. Ndiye Venera Mabega ya Mwamba, ndiye Venera asiyerudi nyuma.

Skaluna haikuwa na chemchemi. Bwana wa Ngome alilijua hilo, ndiyo maana hakuwafukuza; alituma tu merikebu yake ya makasia, imejaa mapipa ya maji, chini ya nahodha aliyeitwa Orlandu. Kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi, Orlandu aliwajazia watu mitungi yao, na badala yake akachukua vijana, akawafunga minyororo chini ya sitaha wavute makasia. Mwaka ambao zamu ilimwangukia Kalojero, mdogo wake Venera, dada mtu alirudi nyumbani na mtungi uliojaa kichwani, akautua, akauangalia mpaka jua likazama. Kiu ilikuwa imemkausha koo, lakini hakuweza kunywa.

Kesho yake alichukua nyundo ya baba yake akaanza kulichimba jabali. Aliwaambia watu kwamba mvua ya kipupwe hunyesha hapa kama kwingine, ila wao huiacha iteremke yote baharini. Akachimba birika kubwa chini ya nyumba, pana kuliko uwanja huu, akipasua mwamba mahali ambapo wenzake walivunja mipini. Akawafundisha kujenga mapaa bapa yaliyoinamishwa kidogo, na milizamu ya mawe ya kuyatoa maji juu ya paa na kuyashusha birikani. Akachoma mawe, akapata chokaa, akazipiga lipu kuta zote.

Mvua ikaja, birika likajaa, watu wakacheza ngoma. Lakini kabla majani hayajakauka maji yote yalikuwa yamekwisha kupenya mwambani. Orlandu akaja, akachukua vijana kama kawaida yake. Kipupwe kilichofuata maji yakapenya vilevile. Manung'uniko yakaanza, na Minu, mume wa Venera, mtu mpole aliyempenda sana, alimwambia kwamba huenda ingekuwa heri warudi bara wakapige magoti. Venera alishuka ndani ya birika tupu akaketi sakafuni, na hapo, alipokuwa akipapasa ukuta kwa huzuni, vidole vyake vilikuta mahali ambapo kigae cha mtungi uliovunjika kilisagika na kuchanganyika na chokaa. Lipu pote ilikuwa imepasuka, ila hapo palikuwa pagumu kama mfupa, na katika kishimo chake maji kidogo yalikuwa yamebaki.

Akapanda juu, akawaita watu wote, akawaomba jambo ambalo hakuna aliyekuwa tayari kulisikia: wavunje mitungi yao, vigae vyake vitwangwe na kutiwa katika chokaa. Walimwona amerukwa na akili. Bila mitungi, maji ya Orlandu wangeyapokelea wapi? Bi Perna, bibi kizee aliyewazidi wote pale kwa umri, alisimama akiwa ameukumbatia mtungi wake.

"Mwanangu," alisema, "mtungi huu ulikuwa wa bibi yangu. Nikiuvunja na birika likavuja tena, wajukuu wangu watakunywa nini?"

"Sina la kukuahidi, mama," alijibu Venera. "Ila najua tunalipa nini kuijaza hiyo mitungi."

Akaunyanyua wake, ule aliorudi nao nyumbani siku Kalojero alipochukuliwa, akaupiga jiweni. Bi Perna akaubusu mtungi wake ukingoni, akauachia udondoke. Baada yake hakuna aliyesubiri. Maji yaliyobaki wakayatia katika vibuyu vidogo, na kiangazi chote kinu kililia Skaluna, wakatwanga vigae mpaka vikawa unga mwekundu, na Venera akalipiga lipu birika upya, tabaka juu ya tabaka, mikono imebabuka kwa chokaa.

Orlandu alipotia nanga, aliukuta ufuo mtupu, isipokuwa mwanamke mmoja.

"Mitungi yenu iko wapi?" aliuliza.

"Iko ukutani," alisema Venera. "Na vijana wetu wako nyumbani."

Nahodha alicheka, akaamua kukaa kwenye mdomo wa ghuba mpaka kiu iwashushe. Mvua ilichelewa. Watu walilamba umande juu ya mawe, wakagawana maziwa ya mbuzi kwa vijiko, wakatafuna tini za porini, na mjukuu wa Bi Perna akazidiwa hata akashindwa kufumbua macho. Wengine walimwendea Venera wakamwambia wanataka kushuka wakasalimu amri. Aliwaambia njia ya ufuoni hajaiziba, na kwamba hatamlaumu yeyote. Kisha akampakata yule mtoto, akamlowesha midomo kwa tone la maziwa lililokuwa fungu lake mwenyewe, na waliomwona waliketi chini, wakabaki.

Ndipo dhoruba ikaja. Mvua ilipiga mapaa, milizamu ikanguruma, birika likajaa, wala maji hayakushuka hata kwa upana wa kidole. Dhoruba hiyo hiyo iliivunja merikebu mlingoti, ikaikwamisha mwambani na kuyaingiza mapipa yake maji ya chumvi. Siku chache baadaye Orlandu mwenyewe alipanda huku juu, midomo imepasuka, kuomba maji. Wengi walitaka aachwe afe na watu wake.

"Walio chini ya sitaha ni watoto wetu," alisema Venera, "na watoto wa wenzetu." Akamgeukia nahodha. "Kila unayemfungua atakunywa. Ukishamfungua wa mwisho, nawe utakunywa."

Wakapanda mmoja mmoja, watu wa pwani zote za bahari hii, wakichechemea, na Venera akawanywesha kwa mkono wake. Mmoja, mwenye mvi kabla ya umri wake, alikunywa, akamwita "Nuna," jina ambalo ni mdogo wake tu aliyewahi kumwita. Kata ya maji ikamponyoka Venera. Hakuna aliyewahi kumwona Venera akilia, ila siku hiyo.

Orlandu naye alikunywa, kama alivyoahidiwa, akaikwamua merikebu, akaenda zake kwa tanga la kuungaunga, na Bwana wa Ngome hakurudi tena, kwa kuwa hakuwa tena na kamba ya kuwafungia. Waliofunguliwa walibaki, wakaoa, wakapanda mizeituni. Ndiyo maana majina yenu ni ya lugha nyingi.

Venera alizeeka akiwa bado anabeba mawe. Siku moja wakaja wageni kutoka kisiwa kingine, wakiomba mtu wa kuwafundisha kuhifadhi maji. Watoto wake walimsihi asiende. Akapakia chokaa na magunia ya unga wa vigae, akapanda mashua, akaizunguka rasi, na Skaluna haikumwona tena. Visiwa vingi leo vina birika la lipu nyekundu, na kila kimoja hudai kwamba kaburi lake liko kwao. Sisi hatubishani nao.

Ila kila mwisho wa kiangazi tunapaka mapaa yetu chokaa, tajiri akipaka paa la maskini na maskini la tajiri, na mgeni akishuka Skaluna hupewa maji kabla hajaulizwa jina. Na mvua ya kwanza ikinyesha, hakuna anayesema neno. Tunasimama milangoni, wakubwa kwa wadogo, tunasikiliza mpaka maji yaguse chini.