Kiwiko cha Mto

Kabla mto wetu haujajua kupinda, ulishuka kutoka mlimani umenyooka kama uzi, ukatupita sisi wa upande huu bila hata kututazama. Msiniambie ulipindishwa na mawe. Wanaosema hivyo hawakuuliza. Mimi niliuliza, na nilivyoambiwa ndivyo ninavyowaeleza, bila chumvi.

Mwaka ule kiangazi kilikaza. Sengondo, aliyeheshimiwa kwa mambo ya mvua, aliwaambia watu kwamba lolote huja likinuiwa na mioyo yote pamoja. Basi kila asubuhi kijiji kizima kiliketi mwambani, macho yamefumbwa, kikiunuia mto uje. Siku tisa zikapita, mto haukuja. Ikaamuliwa kwamba mwezi ukiandama, watu wahame.

Nakiete, mjane, alikuwa na shamba moja la maharage yaliyoanza kutoa maua. Ndiyo mbegu yake ya mwisho. Akiyaacha, angelima mashamba ya watu mpaka kufa kwake. Siku ya kumi akafumbua macho.

"Nakiete!" Sengondo akafoka. "Umefumbua! Umeiharibu nia ya watu wote!"

"Na wewe umenionaje, baba?"

Watu wakabana vicheko. Sengondo akamfukuza mwambani.

Nakiete akaenda kuchukua jembe. Hakwenda mtoni, alianza kuchimba mfereji pale pale shambani, kwenye mizizi ya maharage, akipanda kuelekea juu. Kila pigo alisema kwa sauti, "Njoo hapa."

Mbonea, mdogo wa marehemu mumewe, akasimama kumcheka. "Shemeji, mto uko kule juu! Mbona unaanzia mkiani?"

"Maji ni mgeni, Mbonea. Namtandikia kwanza, ndipo nimfuate njiani."

Akachimba siku kumi na moja. Mwezi ukaandama. Asubuhi yake watu walikuwa wanafunga mizigo, naye alibakiza hatua thelathini kuufikia mto. Mpini wa jembe ukavunjika. Akapiga magoti, akashika bamba la jembe kwa mikono miwili, akaendelea. "Njoo hapa. Njoo hapa."

Mto ukasikia. Ukingo ulitoa mguno kama mtu anayejigeuza kitandani, ukamomonyoka, na mto wenyewe ukaegemea upande wetu. Hatua zilizobaki hakuzichimba mtu. Mto ulizivuka kumlaki. Maji yakashika mfereji, yakateremka mbio, yakawapita watu na mizigo yao kichwani, yakaingia kwenye maharage.

Vigelegele! Mbonea akatupa mzigo chini, akakimbilia jembe lake kupanua mfereji. Sengondo naye akainua mikono. "Mmeiona nia yetu!"

"Nimeiona, baba," Nakiete akasema, tope mpaka kidevuni. "Shuka basi unuie na tope hili linitoke."

Kijiji kikaangua kicheko, na Sengondo mwenyewe akacheka. Akafunga shuka kiunoni, akaingia mferejini. Hakuna aliyehama.

Na tangu siku hiyo mto wetu una kiwiko, kimeelekea kwetu. Na mfereji kwetu huanzia shambani ukapanda kwenda mtoni, mchimbaji akilitamka analolitaka kila jembe linaposhuka. Ukija ukatuambia umenuia jambo, hatukuulizi umelinuia tangu lini. Tutakuomba tu ufungue mikono, tutazame viganja.