Chupa ya Chai Juu ya Jiwe

"Gari husimama kwa breki, dereva kwa anayemngoja." Vijana waliisikia methali hiyo arusini, wakamuuliza Bibi Syabumi imetoka wapi. Bibi akacheka. "Mnatafuna pilau na methali pamoja, hamjui mnameza nini!" Akawaeleza: methali hii ilianza hivi.

Lutengano alikuwa dereva wa lori la majani ya chai, kule Rungwe. Barabara ya kiwandani ilipita mlangoni kwake, na madereva wa huko walikuwa na desturi yao: ukifika kwako unapiga honi, mkeo anatoka. Mkewe Tusekile, mama wa Ambokile, alitoka na chupa ya chai na ndizi za kuchoma. Wakiongea mawili matatu, basi siku imekwisha vizuri.

Kisha kampuni ikaleta malori ya kujiendesha. Mota moja ilizungusha usukani, nyingine ilikaza breki, na dereva alikaa tu, mikono mapajani kama bwana harusi. Amri ilikuwa moja: ukigusa breki pasipo hatari, kazi huna. Na kwa kuwa lori halichoki, zamu zilirefuka, Lutengano akawa analala kambini kiwandani.

Lori likawa linapita kwake bila kupunguza mwendo. Tusekile alisimama na chupa mkononi; Lutengano akipunga mkono nyuma ya kioo, nyumba imeshabaki nyuma. Alikuwa na hamu ya mke anayemwona kwa macho, na hamu hiyo inauma kuliko ya aliye mbali.

Asubuhi moja alikuta mlango umefungwa na Tusekile hayupo. Akakanyaga breki.

Redio ikaita kutoka ofisini. "Lutengano! Kuna hatari gani hapo?"

"Kubwa, bosi. Mke wangu amechoka kuningoja."

"Mbona mota ya breki haikuona kitu barabarani?"

"Itaonaje? Hiyo ni breki ya gari. Yangu mimi ni yule anayeningoja."

Akashuka, akijua kiti kile hatakikalia tena. Kando ya barabara, juu ya jiwe, palikuwa na chupa ya chai. Akafungua kifuniko chake, akamimina humo. Chai ilitoa mvuke.

"Mama Ambokile!" akaita.

Mlango ukafunguka. "Nilichoka kukuona ukipita, baba Ambokile," Tusekile akasema. "Kungoja sijachoka."

Ndiyo maana kijijini kwao, mtu akiacha kazi nono akarudi kwake, hawamcheki. Husema tu: gari husimama kwa breki, dereva kwa anayemngoja.